Usimpe Mtu PIN kwa Sababu Huoni: Nunua Miwani

Simama dakika kumi karibu na wakala yeyote mjini Isiolo siku ambayo watu wameuza mifugo. Utamwona mzee ameshika simu, anaisogeza mbali, anairudisha karibu, anakunja uso. Mwishowe anamgeukia kijana aliye jirani: "Hebu nisomee hii." Kijana anasoma meseji. Kisha anaombwa asaidie kutuma pesa. Kisha anatajiwa PIN, kwa sauti, na kila aliye kwenye foleni anaisikia.

Tumezoea kusema wazee hawajui simu. Mimi naona wengi wanaijua vizuri sana, shida ni kwamba hawaoni maandishi. Mtu kama huyo hata ukimwambia mara mia moja "PIN ni siri yako", bado atamtafuta wa kumsomea. Anahitaji miwani.

Ukikaribia miaka 40 au ukishaivuka, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa na vitu vya karibu vinakuwa na ukungu. Inampata kila mtu. Unaweza kumwona ngamia aliye mbali kabisa na bado ushindwe kusoma salio lako. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu milioni 826 wana tatizo hili na hawana miwani inayofaa. Na hasara yake ni ya mfukoni pia. Katika utafiti wa Bangladesh uliochapishwa 2024, watu wa vijijini wenye miaka 35 hadi 65 walipewa miwani ya kusomea bure. Baada ya miezi minane, mapato yao yalikuwa juu ya yale ya wenzao ambao hawakupewa kwa takriban asilimia 33.

Sasa, ununue miwani gani? Hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Ya kusomea tu. Kama unaona mbali sawasawa, hii inatosha. Inauzwa kwa namba, kama +1.00, +1.50 au +2.00. Ni shilingi mia chache, haifiki bei ya mbuzi.

Ya lenzi mbili. Juu unaona mbali, chini unasoma, na mstari unaonekana katikati. Inamfaa mtu ambaye macho yake yana shida ya mbali na ya karibu.

Ya progresivu. Haina mstari. Juu ni ya mbali, katikati ni ya umbali wa mkono, chini ni ya kusomea. Ni nzuri kwa mwalimu anayetazama darasa, kisha kompyuta, kisha daftari. Lakini ni ghali, pembeni mwake kuna ukungu, na kuizoea huchukua siku kadhaa, wengine hadi wiki mbili.

Maoni yangu ni haya: kama kazi ya miwani ni kusoma meseji na daftari la duka, usikubali kuuziwa progresivu. Na usichukue mkopo wa simu kwa ajili ya fremu ya kujionyesha.

Kabla ya kununua, pimwa kwanza. Isiolo ni moja ya kaunti za Kenya ambazo trakoma imekuwa ikisumbua, na miwani haitibu trakoma. Haitibu mtoto wa jicho wala presha ya macho pia. Ukishapimwa, omba karatasi ya vipimo na uipige picha. Ukiwa nayo unaweza kuulizia bei Isiolo, Meru au Nanyuki bila kulipia kipimo kingine kila mahali.

Kisha fika kwenye malipo:

1. Lipa kwa namba ya tili ya duka. Ukiambiwa "tuma kwa hii namba yangu", uliza kwa nini.
2. Soma jina linalokuja kwenye simu. Kama si la duka, simamisha na uulize.
3. Miwani ikiwa ya kutengenezewa, toa arbuni tu. Salio utamaliza siku ya kuichukua, baada ya kuijaribu.
4. Patana mapema: nisipoizoea, mtaikagua upya au mtabadilisha lenzi? Jibu liandikwe kwenye risiti, na meseji ya malipo usiifute.
5. Progresivu usiagize mtandaoni kwa kukisia. Lazima fundi apime mahali mboni ya jicho inapokaa ukiwa umevaa fremu yenyewe. Ikikosewa kidogo tu, utakuwa unainua kidevu siku nzima.

Najua kuna anayesema, "Mtoto wangu ananisomea, sina shida." Sawa, lakini mtoto huyo kesho atakuwa shuleni, nawe utasimama kwa wakala na mtu usiyemjua.

Kwa hiyo ukienda kununua, vaa hiyo miwani, toa simu, fungua meseji ya mwisho na usome salio mwenyewe. Ukishindwa, miwani hiyo si yako. Ukiweza, weka PIN kwa mkono wako mwenyewe na ulipe. Na kabla hujatoka dukani, badilisha ile PIN ambayo nusu ya foleni inaijua.