Lenzi Ipi Itakifaa Chama Chetu cha Picha?

Naomba niseme neno juu ya fedha za Chama cha Wapiga Picha. Wasomaji wajua kwamba tangu muhula wa kwanza tumekuwa tukichanga, na wazazi kadhaa wametuongezea, ili tununue lenzi moja ya kuvuta vitu vya mbali. Kamera tunayo, Pentax K1000, kamera ya filamu iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi mwaka 1997. Lenzi yake ni moja tu, ya milimita 50. Kwa lenzi hiyo, mchezaji aliye katikati ya uwanja hutoka mdogo kama sisimizi, na mama yake akiletewa picha hamtambui.

Ubishi uliopo ni huu. Wenzangu wengi, hasa wa Kidato cha Pili, wataka lenzi ya milimita 500, ile fupi nene yenye vioo vya kurudisha mwanga ndani yake. Wengine wataka zumu ya milimita 80 hadi 200. Mimi naona yatufaa lenzi ya milimita 135 isiyobadilika urefu, yenye tundu la f/3.5, nayo iwe kuukuu.

Neno kuukuu huwachukiza watu, lakini lenzi si kiatu. Lenzi za milimita 135 zilitengenezwa kwa wingi sana. Leica walikuwa nayo yao, Hektor, tangu mwaka 1933, na kwa kamera za namna ile huo ndio uliokuwa karibu mwisho wa urefu wa kulengea bila taabu. Kamera za kioo zilipoenea, watu wakaendelea na desturi ile ile: lenzi moja pana, moja ya 50, moja ya 135. Siku hizi wengi huzipita wakitafuta ndefu zaidi, na ndiyo sababu bei imeshuka. Ile ya Pentax-M ya 135, f/3.5, aghalabu hupatikana chini ya dola 100. Ina vipande vitano tu vya kioo, ina kikinga-jua chake chenyewe cha kuvuta, na inaingia kwenye kamera yetu bila kiungo chochote.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana watu wadhani picha kali hutokana na kioo peke yake. Hasha! Picha nyingi za lenzi ndefu huharibiwa na mkono unaotikisika. Kanuni ya wapiga picha ni kwamba ukishika kamera mkononi, mwendo wa shata usiwe wa polepole kuliko moja chini ya urefu wa lenzi. Kwa lenzi ya 135 twahitaji 1/250. Kwa ile ya 500 twahitaji 1/500. Tuseme siku ya michezo ina mawingu mazito, kama kawaida yake, na filamu ni ya ASA 400. Kwa mwanga huo tundu la f/5.6 hutaka kiasi cha 1/400. Lenzi ya f/3.5 ikifunguliwa yote itatupa karibu 1/1000, tukapata hata nafasi ya kufunga tundu kidogo ili picha izidi ukali. Lenzi ya vioo ya 500 huwa ni f/8, nalo tundu lake halifunguki wala halifungiki. Itatupa kiasi cha 1/200 tu. Mkimbiaji atatoka kama moshi, na nyuma yake kila tone la mwanga litakuwa kipete kama bangili.

Wenye zumu wana hoja bora, siwezi kukataa. Tundu lao la f/4.5 latosha. Lakini zumu za zamani za bei rahisi mara nyingi hulegea ukali zikifika 200, na vipande vyake vya kioo huzidi kumi. Huku kwetu pwani, kila kipande ni shamba jipya la kuvu.

Utasema 135 ni fupi mno kwa mpira. Tupige hesabu. Mtu wa kimo cha mita 1.7, akiwa mita 20 kutoka kwako, huandikwa kwenye filamu kwa kimo cha milimita 11 na ushei, na picha yetu ina kimo cha milimita 24. Basi ni karibu nusu ya picha. Mpiga picha akae nyuma ya goli, asikae jukwaani na walimu! Na mwezi wa kuagana, lenzi hiyo hiyo itapiga nyuso za Kidato cha Nne vizuri kuliko zote tatu.

Wakati wa kununua tuende na tochi. Tumulike kioo kutoka nyuma. Tukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, tuiache hata ikiwa bei ni ya bure. Tutazame pia visu vya tundu visiwe na mafuta, na pete ya kulengea izunguke bila kukwama. Ikishafika kwetu ikae kwenye bati lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu, wala si katika mkoba wa ngozi ndani ya stoo.

Muhula uliopita chama kizima kilipiga filamu mbili, yaani picha 72, na tupo wanachama 19. Wa Kidato cha Kwanza hawakubonyeza hata mara moja. Tukinunua ya 135, fedha zitakazobaki zitatupa filamu na gharama ya kuzisafisha. Tukinunua kubwa, tutakuwa na lenzi ya kutazama. Mimi naondoka Novemba baada ya mtihani, sitaitumia sana yo yote itakayochaguliwa.

Kura ni Jumamosi baada ya usafi, katika maabara ya fizikia. Atakayeipigia ile ya 500 na aje na jibu la siku ya mawingu.

Mwanachama, Kidato cha Nne