Gari Lililolala Nyuma

Msimu wa mvua uliopita nilimsindikiza shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, akiwa na ujauzito wa miezi minane, kutoka kituo cha afya cha kijijini kwetu hadi hospitali. Gari lililotubeba lilikuwa Land Cruiser lenye mkonga, lile ambalo kila mkazi wa Mkoa wa Singida analifahamu, kwa kuwa ndilo hubeba wagonjwa, chanjo, mitihani na masanduku ya kura. Nilipoliona kwa mbali nilidhani limepakia saruji: pua ilitazama juu na sehemu ya nyuma ilikuwa imelala. Kumbe lilikuwa tupu. Kila tulipoingia shimoni tulisikia chuma kikigonga chuma, na shemeji akanibana mkono bila kusema neno. Alijifungua salama siku ya pili, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Kilichonifanya niandike ni yale niliyoyaona baadaye.

Wiki tatu zilipopita nilipeleka gari langu kubadilishwa bushi katika gereji moja mjini Singida. Pale nikalikuta gari lile lile likiwa juu ya magogo, na fundi yuko chini yake. Karatasi ya kazi ilikuwa na maneno mawili tu: kuongeza springi.

"Ukiongeza litanyanyuka, fundi?" nilimuuliza.

"Litanyanyuka, mwalimu. Ila atakayelazwa humo ndani atajuta."

Naomba msomaji asiye na mazoea ya gereji anivumilie kidogo, kwa sababu hoja yangu yote imo katika jibu hilo. Magari haya, ambayo Toyota imekuwa ikiyaunda tangu mwaka 1984, yana springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine. Gari linapobeba mzigo, vyuma hivyo hunyooka. Mzigo ukishuka, hurudi katika upinde wake. Mzigo ukizidi kwa miaka mingi, vyuma huchoka, upinde hupotea, na gari hulala. Tiba iliyo rahisi ni kuingiza chuma kimoja zaidi katikati ya vile vya zamani. Gari hunyanyuka siku hiyo hiyo, na mwenye gari huondoka ameridhika.

Hata hivyo, chuma kilichoongezwa hakiponyi vyuma vilivyochoka. Kinaifanya springi iwe ngumu zaidi, hivyo gari likiwa na mgonjwa mmoja na muuguzi mmoja hurukaruka kama lori tupu. Shokapu za zamani hazikuundwa kutuliza springi yenye nguvu hiyo. Uzito ambao mtengenezaji ameuruhusu haubadiliki, kwani ekseli, chesisi na breki ni zile zile. Tena kuna hatari isiyoonekana kwa macho. Mengi ya magari ya aina hii yana vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma, ambayo hukadiria mzigo kwa umbali uliopo kati ya ekseli na bodi. Gari likinyanyuliwa bila fimbo hiyo kurekebishwa, vali hudhani gari ni jepesi na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, hata kama limejaa. Mtu aliyewahi kuteremka mlima Sekenke hahitaji kuelezwa maana yake.

Nilimuuliza dereva kilichoilaza springi. Alinijibu bila kuficha. Gari hupeleka mgonjwa asubuhi, hurudi na mifuko ya saruji ya zahanati inayojengwa, na kukitokea msiba hubeba watu wote wanaoweza kuingia. Sikuweza kumlaumu. Kijiji kikiwa na gari moja, gari hilo litafanya kazi ya magari manne, na dereva atakayekataa kuwabeba wafiwa hataishi kwa amani na majirani zake. Aliyekosa ni yule mwenye kalamu na bajeti, ambaye aliliona gari limelala, akaandika maneno mawili, wala asiulize limelala kwa nini.

Tabia hiyo tunaijua vizuri sisi tulio katika utumishi wa umma. Mwalimu anayezidiwa na wanafunzi huongezewa semina. Mganga wa zahanati anayefanya kazi peke yake huongezewa fomu za kujaza. Mzigo wenyewe haupimwi na mtu yeyote, kwa sababu kuupima kutatulazimisha ama tuupunguze, ama tuongeze wabebaji, na yote mawili yanataka fedha na ujasiri.

Mababu zetu walikuwa na busara zaidi. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani hadi Tabora, ilipita Ugogo na kukatiza nyika ya Mgunda Mkali, ambayo leo imo katika maeneo ya Manyoni na Itigi. Tunapenda kusema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, lakini tunasahau kwamba wapagazi wale walikuwa na kipimo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na uzito ulipozidi walidai haki yao, wakagoma au wakatoroka. Springi haina uwezo wa kugoma. Hulala tu, nasi tukadhani tatizo ni ya chuma.

Kuna wenye kusema kwamba nchi maskini haina anasa ya kupima. Nawajibu kwa kuwaelekeza barabarani. Mashangingi ya wakubwa, yale tunayoyaita V8, hukaa juu ya springi za koili, laini, na hupelekwa matengenezo kabla hayajalalamika. Juni 2022, akisoma bajeti ya mwaka 2022/23, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, ambaye ni mtoto wa Iramba, alilieleza Bunge kuwa gharama za magari ya serikali ni mzigo, akapendekeza watumishi wengi wakopeshwe magari badala ya kununuliwa. Hoja ilikuwa sahihi. Swali langu ni kila shilingi itakayookolewa huko juu inakwenda wapi. Mimi ningependa iende chini ya gari la wagonjwa.

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya. Kwanza, gari la wagonjwa lililolala lipimwe kwenye mizani likiwa na vifaa vyake na watu wake wa kawaida, na uzito huo ulinganishwe na ule ulioruhusiwa. Pili, kama uzito uko ndani ya kiwango, springi zilizochoka zibadilishwe zote mbili, kulia na kushoto, pamoja na bushi na shokapu zinazolingana nazo, na vali ya breki irekebishwe. Springi ngumu zaidi ichaguliwe tu pale ambapo gari hubeba mzigo wa kudumu, nayo ichaguliwe kwa kilo zilizopimwa. Tatu, halmashauri itafute chombo kingine cha kubeba saruji, hata kama ni trekta la kukodi. Nne, barabara za kwenda vituo vya afya zipewe kipaumbele katika bajeti ya TARURA, maana hakuna springi iliyobuniwa ili iwe mbadala wa barabara.

Wanafunzi wangu hunilaumu kwamba napenda kuanzia kwenye vitu vidogo. Nanyi mlio maofisini, karatasi ya kazi itakapoletwa mezani, msiisaini kabla ya kumwita dereva na kumuuliza gari hilo lilibeba nini mwezi uliopita. Majibu yake ndiyo yaandikwe kwenye bajeti.

Gari lile lilirudi kazini. Nililiona juzi likitoka mjini, limesimama vizuri, nyuma juu kuliko mbele. Lilipopita kwenye tuta liliruka, na muuguzi aliyekuwa ndani akashika kitanda kwa mikono yote miwili.