Tusiache udongo uchi: nyasi za kwetu ndani ya lupango



Mwezi wa nane unaisha, na mvua za mwezi wa tisa ziko njiani. Sisi tunaokaa kwenye miteremko ya Bukavu, huku Kadutu, Bagira ao Ibanda, tunajua maana yake: maji mekundu yanashuka barabarani, ukuta wa nyuma unalegea, na korongo tuliloruka mwaka jana haliruki tena mtoto. Kwa hiyo juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiita uchafu: nyasi.

Tumelelewa hivi: lupango wa mama mwenye bidii ni ule uliofagiwa mpaka ukabaki mwekundu, bila jani hata moja. Usafi ni mzuri, na mahali watoto wanapochezea pafagiwe kila siku. Lakini tunapokwangua na jembe mpaka ukingoni na kwenye mteremko, udongo unabaki uchi. Tone la mvua linaupiga na kuuvunja, kisha maji yanaubeba. Unaoondoka kwanza ni ule wa juu, wenye rutuba. Unaishia ziwani, ao ndani ya nyumba ya jirani wa chini, na hapo ugomvi unaanza.

Jaribio la kufanya na watoto

Pasueni bidoni mbili za zamani kwa urefu. Moja itieni udongo mtupu, nyingine udongo wenye nyasi pamoja na mizizi yake. Ziinamisheni juu ya tofali, kisha mwagieni kila moja litre moja ya maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Kingeni maji yanayotoka ndani ya vikombe viwili. Kikombe kimoja kitakuwa na matope, kingine maji yake yatakuwa safi zaidi. Mtoto akiona hivyo, hatawahitaji mumweleze mara ya pili kazi ya mizizi.

Nyasi zipi?

Kwa lupango mdogo, tunapenda ile ambayo wenye kusomea kilimo wanaiita setaria. Ni nyasi ya Afrika. Inaota kwa kichaka, inafika kiunoni ao kupita, na maua yake yanasimama kama mikia midogo ya rangi ya kahawia. Jioni, jua likiipiga, inapendeza kuliko maua mengi tunayonunua.

Matete, ambayo wengine wanayaita bingobingo, ni ya Afrika pia. Yana nguvu sana, lakini yanarefuka kupita urefu wa mtu na yanakula chakula cha mimea ya karibu. Yanafaa ukingo wa chini wa lupango mkubwa, mbali na lengalenga na maharagi yenu.

Iko pia ile nyasi fupi ya kando ya njia, yenye mashada laini ya rangi ya waridi. Kusanyeni mbegu zake zikikauka, mzinyunyize mahali pakavu penye mawe. Lakini ile yenye manyoya meupe, inayoezekea nyumba vijijini, msiilete karibu na shamba: mizizi yake inatembea chini ya udongo, na kuitoa ni kazi ya miaka.

Sitroneli ya chai ilitoka Asia, na paspalum inayofunika viwanja vingi ilitoka Amerika. Hatuwaambii muzing'oe. Tunasema tu kwamba za kwetu zinajua mvua na kiangazi chetu, na hazidai franka: jirani mwenye kichaka anaweza kuwagawia. Msizing'oe kwenye ukingo wa korongo, maana hapo ndipo zinaposhika udongo.

Namna ya kupanda

Ngojeni mvua ya pili ao ya tatu, udongo ulowe vizuri. Mstari ukate mteremko kwa upana, usishuke nao, la sivyo maji yatafuata mstari kama mfereji. Kwa kupima, lalisheni chupa yenye maji nusu juu ya ubao ulionyooka: maji yakilala sawasawa, mstari uko sawa.

Setaria mnaigawa kichaka, kila kipande kiwe na mizizi na mashina matatu ao manne. Kateni majani yabaki mafupi, mpande kwa nafasi ya sentimetre 20 hivi, mistari miwili, mashimo yapishane. Matete mnakata shina lililokomaa lenye vifundo vitatu: viwili vinaingia udongoni, shina likilala kidogo, na nafasi iwe nusu metre.

Utunzaji

Miezi miwili ya kwanza, palilieni na mzibe mapengo. Baadaye mkate nyasi zikiwa kubwa, mkiacha shina la upana wa kiganja ili zichipuke. Msikate mistari yote siku moja. Mmoja ubaki unalinda. Majani ya matete yanakwaruza, vaeni shati la mikono mirefu. Mnachokata ni chakula cha mbuzi na simbiliki, na kinachobaki kinafunika bustani ya mboga. Wakati wa kiangazi msichome moto.

Wengi wanaogopa nyoka na mbu. Acheni hatua mbili ao tatu tupu kati ya nyasi na nyumba, na kateni kwa wakati. Mbu wanazaliwa ndani ya maji yaliyosimama. Basi mwageni maji ya makopo na matairi.

Tusijidanganye

Nyasi hazizuii mlima unaoanguka. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, maji na matope yalifunika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Mkiona ufa mpya kwenye udongo ao ukuta unainama, msipande kitu hapo: toeni watoto na mwite wakubwa wa kartie. Nyasi ni za kuzuia ufa mdogo usiwe korongo, na kazi hiyo inafanywa mapema.

Korongo halijui mpaka wa lupango. Mama wa juu akipanda peke yake, anamsaidia wa chini, akikwangua, anamwangamiza. Basi kwenye mkutano wa juma hili, kila kikundi kichague mteremko mmoja ambao maji yake yanamsumbua mwenzenu, kihesabu mashina yanayotakiwa na kiulize nani ana kichaka cha kugawa. Salongo ya kwanza baada ya mvua kuanza, tuwe na majembe hapo, pamoja na wenye lupango wa juu na wa chini.