Gulio la Kipupwe na Mizani ya Mnunuzi

Likizo ya Juni huwapandisha watu wengi milima ya Usambara. Wapo wanaokwenda kuwaona wazee, wapo wanaoalikwa arusini, na wapo wanaolikimbia tu joto la Dar es Salaam na Tanga. Wote hao, wakishaiacha Mombo na kuzipanda zile kilomita 33 za kona hadi Lushoto, hukutana na mambo mawili: baridi isiyotosheka kwa sweta moja, na gulio. Ni nadra familia kushuka mikono mitupu.

Anayenunua gulioni katika kipupwe, yaani tangu Juni hadi Agosti, na ajue kwanza kwamba baridi huibadilisha bidhaa. Karoti iliyokaa katika udongo wa baridi huwa tamu zaidi, kwa kuwa mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Kabichi hufunga vyema; ichukue mkononi, na ukiiona nzito kuliko ulivyodhania kwa umbo lake, hiyo ndiyo. Njegere nunua zikiwa bado katika maganda yake. Nyanya, kinyume chake, huiva polepole, na mwenye kutaka kushuka nazo pwani afadhali achanganye zilizoiva na zenye ubichi, maana joto la huko litazimalizia kwa siku chache. Plamu na peasi watoto wasizililie. Hizo ni za miezi ya joto.

Jambo linalotaka uangalifu zaidi ni unyevu. Ukungu hukaa juu ya milima hiyo hadi saa nne asubuhi, na baadhi ya siku hauondoki kabisa. Maharage ya masika huanza kufika sokoni wakati huo, na siyo yote yaliyopata jua la kuyakausha. Ling'ate moja: likivunjika kwa mlio limekauka, likiingia jino halijakauka, na ukiliweka katika ndoo yenye mfuniko litaota uvundo kabla ya mwezi kwisha. Viazi vilivyolowa havikai. Vyenye rangi ya kijani viache kabisa, kwa kuwa ule ukijani ni dalili ya sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Karoti zilizooshwa mtoni zikang'aa hupendeza macho, ila zenye udongo wake hudumu zaidi nyumbani.

Wengi wetu tunaifahamu habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye lundo akasema kwamba ni mvua iliyolinyeshea. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione. Katika gulio la kipupwe habari hii inaeleweka upesi kuliko penginepo, kwani hapo hakuna lundo lisiloguswa na umande, na muuzaji anayekwambia, "Mwanangu, haya hayajakauka, yaanike kwanza," amekwisha kutoka katika lawama.

Hadi hapa nimemsema muuzaji, na huyo ndiye tuliyezoea kumsema katika mawaidha yetu. Lakini isomeni tena Suratul Mutaffifin, sura ya 83. Wanaotajwa mwanzo wake ni wale ambao wanapojipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kitimie; ndipo inapofuata kwamba wanapowapimia wengine hupunguza. Mtu huyo huyo ana nyuso mbili, na uso wa kwanza ni wa mnunuzi. Sisi tumeukariri uso wa pili.

Lumbesa ni nini, kama si uso huo wa kwanza? Gunia hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa kinundu cha wavu na kamba juu yake, na yote huitwa gunia moja kwa bei ya gunia moja. Anayekitaka kinundu hicho si mkulima. Ni mnunuzi aliyekuja na lori. Tuseme kinundu kina kilo 30. Mama aliyeuza magunia kumi ya viazi ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili aliyoyalimia, akayapalilia na kuyabeba kichwani kuteremka mlima. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye dhamana ya kulisimamia hilo. Sheria ipo. Vinundu navyo vipo, vinaonekana barabarani mchana kweupe.

Na kuna lililo karibu na hilo. Alfajiri, kabla gulio halijakusanyika, madalali huwangoja akina mama njiani ndani ya ukungu, wakawaambia kwamba bei ya leo imeanguka, wakachukua mzigo papo hapo. Mtume (s.a.w.) alikataza kuilaki misafara kabla haijafika sokoni, na muuzaji aliyelakiwa hivyo akapewa hiari akishafika sokoni na kuijua bei. Karne kumi na nne zimepita na njia ya kumpunja mwenye mazao haijabadilika hata kidogo, ila sasa dalali ana simu na yule mama huenda hana.

Msomaji ataniambia: mimi si mwenye lori, nimekuja na kikapu na watoto wawili. Ni kweli. Hata hivyo, sado hushindiliwa na kutikiswa, kisha hutakiwa lilima, kisha nyongeza juu ya kilima, kisha mkono wa mnunuzi huongeza karoti mbili za mwisho huku muuzaji akitazama. Nyongeza inayotolewa kwa moyo mkunjufu ni halali na ni katika uzuri wa masoko yetu. Inayochukuliwa si nyongeza. Mpe bibi yule shikamoo yake, patana naye bei, kwani kupatana hakuna ubaya, kisha uombe kupimiwa kwa kilo pale penye mizani yenye chapa ya ukaguzi. Kipimo cha kilo humhifadhi yeye na kukuhifadhi wewe, na hukuondolea mjadala wa kilima.

Zingatieni pia saa ya kununua. Jioni, ukungu unaporudi na gari la mwisho la kijijini linapopiga honi, bei huporomoka, na wapo wanaokaa hotelini na chai yao wakiingoja saa hiyo kwa makusudi. Wanazuoni wamelizungumzia kwa kirefu suala la kununua kwa mtu aliyebanwa na dhiki. Sisemi kwamba kabichi ya saa kumi na mbili jioni ni haramu. Muuzaji mwenyewe hufurahi asirudi na mzigo. Nasema kwamba aliyeingoja dhiki ya mwenzake akiwa na fedha mfukoni tangu asubuhi hana haki ya kuiita rahisi ile kuwa ni riziki iliyomdondokea. Kamati za misikiti na madrasa zinazonunua kwa wingi zina uwezo zaidi katika hili: zikubaliane na wakulima bei ya kilo mapema, na zikatae lumbesa hata pale zinapopewa.

Mkishanunua, msifunge mboga katika mifuko ya plastiki. Zikitoka katika baridi ya Lushoto na kuingia katika joto la Mombo hutoa jasho, na kabichi iliyotoa jasho ndani ya plastiki huoza upesi. Tumieni tenga au kiroba kilicho wazi, viazi chini, karoti katikati, nyanya juu, na maharage peke yake. Mfikapo nyumbani, yaanikeni siku mbili hata kama muuzaji aliwahakikishia kwamba yamekauka.