Baba mkwe anaficha uvimbe chini ya koti

“Naandika kutoka Njiro, Arusha. Baba mkwe anaishi nasi tangu afanyiwe upasuaji mwaka jana, utumbo ulipojisokota. Haja kubwa inatokea kwenye tundu tumboni na kuingia kwenye mfuko. Siku hizi naona uvimbe chini ya shati, naye anavaa koti hata jua likiwaka. Ni mkwe, siwezi kumwambia afunue tumbo. Nifanyeje?”

Heshima yako ni njema, ila isimgharimu mzee. Mwambie mumeo. Yeye ni mwanawe, amtazame wakati wa kubadilisha mfuko.

Huenda hiyo ni ngiri. Mtaani neno hili limebebeshwa kila kitu, hadi nguvu za kiume, ndiyo maana wazee huona aibu. Lakini hapa hakuna cha aibu. Ili utumbo utoke nje, daktari huupitisha kwenye msuli wa tumbo, na mahali hapo hubaki dhaifu. Kikohozi, choo kigumu au kuinua ndoo ya maji vinaongeza msukumo, na sehemu ya utumbo hupenya chini ya ngozi kando ya tundu.

Mzee asimame akohoe, kisha alale chali. Uvimbe ukijitokeza akisimama na kupungua akilala, dalili ni ya ngiri. Mfuko ulioanza kuvuja ni dalili nyingine, kwa kuwa ngozi imebadilika umbo.

Kama hana maumivu na mfuko unajaa kama kawaida, si dharura, lakini apelekwe kliniki ya upasuaji. Kwenu Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru ipo karibu, na ikibidi atapewa rufaa kwenda KCMC, Moshi. Si kila ngiri hupasuliwa, maana huweza kurudi. Kama tundu ni la muda, mara nyingi hurekebishwa siku ya kulifunga.

Wakati huo:
- Apime tundu upya na kukata mfuko kwa kipimo kipya.
- Aulizie hospitali mkanda wa tumbo unaomfaa. Huvaliwa akiwa amelala, kabla ya kuinuka.
- Akikohoa au kupiga chafya, aushike uvimbe kwa kiganja.
- Asiinue ndoo, gunia wala mjukuu. Mtoto apande mwenyewe mapajani, babu akiwa ameketi.
- Anywe maji ya kutosha, choo kisiwe kigumu.

Sasa shika hili. Tundu lenye afya ni jekundu kama ndani ya mdomo. Uvimbe ukiwa mgumu na haurudi akilala, maumivu yakiwa makali, akitapika, mfuko ukikaa mtupu bila choo wala hewa, au tundu likigeuka zambarau au jeusi, utumbo unaweza kuwa umebanwa na kukosa damu. Dalili moja tu inatosha: msisubiri asubuhi. Tafuteni gari usiku huohuo. Asile wala kunywa njiani, huenda akahitaji upasuaji.

Msimchue tumbo wala kuusukuma uvimbe kwa nguvu. Na dawa za ngiri zinazouzwa stendi haziwezi kuziba msuli ulioachia.

Leo jioni, mumeo akae na baba yake chumbani, wawili tu. Koti livuliwe huko.