Spika Kuukuu Zilizonyamaza



Juma lililopita tuliitwa nyumbani kwa dada mmoja, Mji wa Kale, kusuluhisha ugomvi ambao maneno matupu yasingeumaliza. Alikuwa amenunua spika mbili kuukuu za mbao, zile nzito za kubebwa na watu wawili, ili mama yake apate kusikiliza kanda ambazo marehemu baba yao alijirekodi akisoma maulidi. Zilipofungwa, kimya. Mume akasema fedha zimetupwa baharini. Kakake alikuwa ameshashika simu ili kumwita muuzaji mwizi. Tuliomba nusu saa kabla ya simu hiyo kupigwa.

Spika za namna hii hazina umeme wa kwao. Hazichomekwi ukutani wala hazina taa ya kuwaka. Nguvu zote hutoka kwenye amplifaya. Tena ni nadra spika mbili kufa siku moja. Zikinyamaza zote pamoja, amplifaya ndiyo ya kushukiwa kwanza. Nyingi za zamani zina swichi ya kuchagua spika, A au B, na kitufe kilichoandikwa Tape Monitor, ambacho kikibonyezwa bila deki kuunganishwa mahali pake, hata redio haisikiki. Kwa dada yetu, waya zilifungwa A na swichi ilielekea B. Tulipoigeuza, spika ya kulia ikakohoa, kisha ikanena. Ya kushoto ikabaki bubu.

Tulizima amplifaya, tukachomoa plagi, tukabadilishana spika mahali. Kimya kikibaki upande ule ule, kosa ni la waya au la amplifaya. Kikihama pamoja na spika, ugonjwa ni wa spika. Kilihama. Basi tukachukua betri ya rimoti, ya volti 1.5, tukagusisha ncha zake kwa nukta moja kwenye vishikizo vya nyuma. Spika iliyo hai hutoa kishindo kidogo na koni yake husukumwa. Hii haikutikisika. (Betri ya gari isitumiwe kabisa, na umeme wa ukutani hata usifikiriwe.)

Hapo tukatazama vishikizo vyenyewe: vimeota kijani. Hewa yetu ya chumvi haiihurumii shaba. Tulivisugua kwa msasa laini, tukakata ncha za waya zilizooza na kumenya mpya, tukahakikisha hakuna uzi mmoja wa shaba unaogusa upande wa pili, maana uzi huo waweza kuunguza amplifaya nzima. Tukarudia betri: kishindo.

Kama kishindo kisingetokea, ingebidi fundi apime kwa mita. Spika iliyoandikwa omu 8 husoma kama 6 hivi; isiposoma chochote, waya umekatika ndani, au fyuzi imeungua kwa zile zilizo nayo, na fundi hodari hutengeneza. Ringi ya sponji inayozunguka koni nayo husagika kwa miaka, lakini hiyo huleta mkwaruzo, si kimya, na hubadilishwa peke yake. Msikubali kuambiwa mnunue spika mpya kwa sababu ya sponji.

Spika ilicheza, ila sauti ilikuwa nene, kama mtu asemaye ndani ya mtungi. Twita, ile ndogo ya sauti nyembamba, ilikuwa haifanyi kazi. Baadhi ya spika za zamani zina vifundo nyuma vya kupunguza sauti hiyo. AR-3a za Marekani, zilizoanza kuuzwa mwaka 1967, zinajulikana sana kwa vifundo kuingia kutu na kuzima sauti. Kuvizungusha mara nyingi huku na huku, umeme ukiwa umezimwa, huvifufua, walau kwa muda. Hii haikuwa navyo. Tulifungua mgongo tukakuta kapasita iliyokauka na kuvimba. Mpya iwe na mikrofaradi zile zile, na iwe ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi.

Simu kwa muuzaji ilipigwa hata hivyo, jioni ile ile, kumuuliza kama anayo kapasita ya namna hiyo. Anayo.