Makongamano yapunguze makabrasha

Kongamano la wasomi linapomalizika katika hoteli za Diani, aghalabu wafagiaji ndio hubaki na makabrasha. Mezani na chini ya viti husalia ratiba, hotuba za ufunguzi na makala zilizochapwa upande mmoja tu, nyingine hazijafunuliwa hata ukurasa wa kwanza.

Tupige hesabu ya mfano. Wajumbe 200 wakipewa makala 20 zenye kurasa 15 kila moja, hizo ni kurasa 60,000, yaani rimu 120 za karatasi. Zikichapwa pande zote mbili, rimu 64 zinatosha. Lakini ni mjumbe gani asomaye makala 20 kwa siku tatu? Mimi sijamwona bado, na sisi wanaisimu twajisifu kwa kusoma.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Kwale kuna Samburu (si ile ya kaskazini, bali mji mdogo wa Kinango ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi). Mwalimu wa mahali kama hapo atakaye kutoa mtihani wa majaribio huhesabu karatasi kabla ya kutunga maswali.

Dawa yake si ngeni. Mnamo Novemba 2008, nchi wanachama wa Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni zilikutana Doha, Qatar, katika mkutano ulioendeshwa karibu bila karatasi; hati zilisomwa kwenye kompyuta. Sekretarieti ya mkataba huo ina makao yake papa hapa Nairobi.

Sidai kwamba karatasi ipigwe marufuku. Makala ndefu huchosha macho kwenye simu, na mtandao hukatika. Hata hivyo, fomu ya kujiandikisha yaweza kumwuliza kila mjumbe iwapo anataka nakala ya kuchapwa. Ikisiri zichapwe, makala zitumwe kwa baruapepe wiki moja mapema, ili watu waje na maswali badala ya kuja kusomewa.

Na mabaki je? Karatasi iliyo tupu upande mmoja yamfaa mtoto wa gredi ya nne kukokotolea hesabu. Kamati ya maandalizi imteue mtu wa kuzikusanya siku ya mwisho na kuondoa zenye majina na nambari za simu za wajumbe. Basi liwarudishalo wajumbe Nairobi hupita Samburu.